Mayai Yaliyobaki Jikoni

Jumapili ya pili ya Novemba, mwaka niliokuwa darasa la tano, chatu wa baba alikufa. Mimi na mama tulirudi kutoka kanisani tukamkuta baba amechuchumaa ndani ya kijumba cha nyoka, na chatu amelala pembeni ya mayai yake badala ya kuyazunguka, inzi wakitembea mdomoni mwake. Alikuwa ametaga siku nne tu zilizopita. Baba alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, mmoja wa wale ambao sisi Wasukuma tunawaita bayeye. Kila mwaka baada ya mavuno alitoka na chatu yule shingoni, na watu wa vijiji vya upande wa Samuye waliacha kazi kuja kumtazama. Bila chatu alikuwa mkulima wa pamba kama wengine, tena si hodari. Alipotoka mle ndani jioni alikuwa amebeba mayai ishirini na saba kwenye ungo, mengine yameshikana kama yamegandishwa kwa gundi. Akasema tutayaatamia wenyewe.

Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Baba alichukua chungu kikubwa cha pombe, akakijaza pumba za mpunga zilizolowanishwa kidogo, akayapanga mayai juu yake na kuyafunika kwa gunia. Chungu kikakaa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Kazi ya moto alipewa mama. Kuni zilikuwa za shida, hivyo alikoka kwa miti mikavu ya pamba na samadi ya ng'ombe, moto mdogo usiozimika mchana wala usiku. Mpaka leo nikisikia harufu ya samadi inayoungua pamoja na pumba mbichi, namwona mama amepiga magoti, macho yamemwiva kwa moshi.

“Asiyaguse mtu,” baba alisema. “Hata wewe, Mama Kabula.”

“Niyaguse nina wazimu?” mama alijibu. “Mimi nataka yai la kukaanga, siyo la kuniuma.”

Kisimani wanawake walimtania sana. Jirani yetu mmoja hakuchoka kumuuliza, “Mama Kabula, kuku wako hajatotoa mikia?” Mama alicheka akamwambia, “Wakitoka nakuletea mmoja umbebe mgongoni. Na wakichelewa nayamwagia maji ya moto, tupumzike wote.” Nilikuwepo, nikacheka pia. Maneno yale yalifika kwa baba, kama yanavyofika maneno ya kisimani.

Sasa niseme la kwangu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mama akiwa zizini anakamua, nilifunua gunia na kuyageuza mayai. Nilikuwa nimemwona kuku wetu akiyageuza ya kwake kwa mdomo, nami nikaona haya hayana mama wa kuyageuza. Yalikuwa laini kama ngozi, yana joto, na niliyapenda. Yaliyoshikana niliyageuza fungu zima. Sikuruka hata siku moja, hata Krismasi.

Ilipofika Februari mayai yalianza kubonyea, na jiko likanuka. Baba alivumilia wiki nzima. Kisha alikaa uani, akachukua wembe na kuyapasua moja baada ya jingine. Machache yalikuwa maji matupu. Mengi yalikuwa na kichatu ndani, kimejikunja, madoa yake yote yameshachorwa, kimekufa.

“Nani aliyagusa?”

“Mimi nimekoka moto tu, Baba Kabula.”

“Na yale maji ya moto uliyoyasema kisimani?”

“Ulikuwa utani, jamani.”

“Nyoka hajui utani.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama alinitazama kama mtu anayetafuta shahidi, kwa sababu nilikuwa naye siku ile kisimani. Sikufungua mdomo. Niliogopa fimbo, basi. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Baba hakumpiga mama. Aliacha kula chakula alichopika mama. Alihamia kwenye kijumba cha nyoka, na baada ya Pasaka akaenda Kharumwa kuchimba dhahabu pamoja na wachimbaji wadogo. Hakucheza ngoma tena. Alikuwa akirudi kwenye misiba, anasalimia watu wote, anakula kwa jirani, anaondoka. Mama alilima peke yake, na wapo waliomwita muuaji wa nyoka mbele yangu.

Leo nina umri aliokuwa nao mama wakati ule. Kijumba cha nyoka kimebomoka, kisima kimefukiwa, tuna bomba. Mwaka jana binti yangu alinionyesha kwenye simu mtu wa nchi ya mbali anayeatamia mayai ya chatu ndani ya sanduku. Alikuwa akichora alama ya kalamu juu ya kila yai, akieleza kwamba yasigeuzwe, kwani kilichomo hufa. Nilimrudishia mtoto simu yake, nikaenda kukaa chooni. Huenda ni moto uliozidi, sijui. Najua tu kwamba mama hakuyagusa, na aliyeyagusa ni mimi.

Baba alirudishwa nyumbani mwaka huu, kifua kimejaa vumbi la mashimoni. Wiki mbili kabla hajafariki nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwambia yote: gunia, kuku, asubuhi zote zile. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Kabula,” alisema, “wewe ni mtoto mzuri. Unamtetea mama yako.”

“Baba, ni mimi. Kweli kabisa.”

“Nimekusikia, mwanangu. Inatosha.”

Mama aliingia na uji. Baba aligeukia ukutani. Mama akasimama pale na kikombe, kisha akanipa mimi, akatoka. Nilimwinua baba kichwa, nikamnywesha, naye akaumaliza wote.