Karatasi ya Mtaro

Wakati wa emajensi, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji waliojificha msituni, mvua ikinyesha maji yalituingilia nyumbani pale Bondeni mpaka sufuria zikaelea. Majirani wakanituma ofisi ya munisipali niombe pesa za simiti tujengewe mtaro. Mimi shule niliachia darasa la pili, kuchora sijui, kwa hivyo mke wangu ndiye alichora kwa makaa kwenye karatasi nyumba zetu zote na njia ya maji.

Njiani askari akanisimamisha, akanipekua, akaipata ile karatasi.

"Wewe, hii laini mbona inapita nyuma ya kituo cha polisi?"

"Ni maji, afande. Ndiko yanateremkia."

"Maji, ama watu wa msituni?"

Nilijua watu waliopelekwa kizuizini kwa makosa madogo kuliko hilo. Akaichana vipande vipande.

"Rudi kwako. Nikikupata tena na ramani, watoto wako utawasahau."

Ofisini sikufika. Majirani niliwaambia munisipali imekataa kutoa pesa, na hata mke wangu sikumwambia ukweli. Wakaitukana munisipali jioni yote, nami kwa woga nikaitukana kuwashinda.