Shangazi Aliyeitikia Barua

Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakuwahi kulinda majora ya kaniki, ile nguo nyeusi, mwaka wa ukame. Mimi nimeyalinda. Nilikuwa karani katika duka la Mhindi mmoja hapa Dodoma, zama za Mdachi, reli ilipokuwa bado mpya na watu wakija stesheni kulitazama gari la moshi, kisha wakirudi makwao bila kununua hata sindano. Kaniki yetu haikuwa mbaya, ila haikuwa na wa kuisemea.

Siku hizi vijana wenye maduka huja kuniuliza niliiuzaje, maana sifa zangu zilifika mpaka Kondoa, kwetu. Nawapa ninachojua, ingawa kila nikisema uso hunishuka. Nawaambia kwamba barua ya biashara ni ya kusikilizwa. Enzi zile jumbe wa kijiji alikuwa akiipokea, anamtafuta anayejua kusoma, na watu wanakaa kusikiliza. Basi usiandike neno litakalomkwaza msomaji mbele za watu. Ukimaliza, jisomee kwa sauti, na pale pumzi inapokuishia kata maneno. Tena usikiandikie kijiji kizima, tuseme watu wa Gulwe, kwa sababu hakuna mtu anayeitwa watu wa Gulwe. Mwandikie mmoja, umtajie jambo lake mwenyewe. Na bei isitangulie salamu, hata kama tajiri wako anakukodolea macho.

Hilo la kumwandikia mmoja ndilo lililonipa jina. Mteja akija na ngozi au samli, nilimpa maji ya kunywa na kumwuliza habari za kwao: nani kaozesha, ng'ombe wa nani kazaa. Yeye aliona nina adabu, kumbe mimi nakusanya. Haikupita wiki, barua inapanda gari la moshi: "Mbukwa, mjomba. Nimesikia umeozesha binti, nikafurahi." Mbukwa ndiyo salamu ya Wagogo; mimi ni Mrangi, sina mjomba Ugogo. Lakini mjomba hamnyimi mpwa wake, na alikuja kununua. Tajiri wangu, mtu asiyejua kucheka, akaanza kunimiminia chai kwa mkono wake.

Mwaka mmoja mvua ikakata mapema na uwele ukakaukia shambani. Nikasikia habari za mjane mmoja wa huko Gulwe, hana mtoto, amebakiwa na ng'ombe mmoja mwekundu. Nilijua hana cha kununulia kaniki. Lakini majirani zake wangeisikia barua ikisomwa, nikaona anafaa. Nikaandika: "Mbukwa, shangazi. Nimesikia ng'ombe wako mwekundu bado anasimama, nikashukuru. Kaniki nzito imefika, inavumilia miiba. Duka hili ni la kwenu. Ukija Dodoma usilale kwa watu, mimi nipo."

Yale ya mwisho niliyatia kwa utamu tu. Kwetu sisi wa dukani yalikuwa maneno ya mdomoni. Kwa wazee wa kule, ukimwambia mtu mzima asilale kwa watu, umekwisha kumwonyesha mahali pa kutandika ngozi yake.

Akaja. Ngozi ya kulalia ameiviringisha kichwani, kibuyu cha samli mkononi, miguu imepasuka na kujaa vumbi. Ng'ombe mwekundu alikuwa amekufa. Duka lilikuwa limejaa wateja. Tajiri akamwuliza anataka nini.

"Nimeitwa," akasema.

"Umeitwa na nani?"

Barua hakuwa nayo, ilibaki kwa jumbe. Akaisema kwa kichwa, yote, tangu "Mbukwa" mpaka "mimi nipo", akipumua palepale nilipokata maneno. Mimi nimesimama nyuma ya mizani. Maneno yangu yalikuwa yanatoka katika kinywa chenye njaa, nikatamani kujificha ndani ya gunia la chumvi. Wateja wawili watatu wakacheka. Tajiri akanigeukia, akingoja nimkane. Kumkana kulikuwa rahisi. Ningesema kwamba ndivyo barua za biashara zilivyo, na yule mama angelala stesheni, kisha angerudi Gulwe kwa miguu kuifuata njaa aliyoikimbia.

"Ni mimi, shangazi," nikasema.

Sijisifu kwa hilo. Niliyaogopa macho ya watu kuliko nilivyomhurumia. Nikampa chumba changu nyuma ya stesheni, mwenyewe nikahamia barazani.

"Mgeni siku mbili," tajiri akaniambia, "siku ya tatu mpe jembe."

Hakungoja kupewa. Kesho yake alikuwa amekwisha kufagia ua na kutafuta mlenda, ananiita mwanangu, ananiuliza kwa nini nachelewa kula. Mama yangu alifariki nikiwa shuleni, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimpenda yule mzee, nasema wazi.

Habari zikaenda Gulwe na Zuzu kwamba duka lile likikuita linakupokea. Watu wakaja kuhakikisha. Wakamkuta shangazi uani anachekecha unga wake, wakapita dukani, wakarudi kwao na kaniki. Tajiri aliliona jambo hilo kabla yangu. Akanisogezea kikombe cha chai.

"Andika habari za huyo mama," akasema. "Wapelekee majumbe wote."

Nikaandika. Barua ile haikuwa na uongo hata chembe, na ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilieleza miguu yake ilivyopasuka, alivyosema "Nimeitwa", na anavyoningoja jioni na chakula. Chini yake nikaweka bei ya kaniki. Majora yote yaliisha, na tajiri akaagiza mengine.

Mgeni mmoja kutoka kwao akamsimulia habari za barua hiyo. Jioni nilipofika, akaniomba nimsomee nakala niliyobaki nayo, naye anachambua mlenda. Ningeweza kuuruka mwisho. Lakini mtu aliyeishika barua nzima kwa masikio hadanganywi kwa sikio, nikasoma yote. Mikono yake ikasimama.

"Rudia pale pa miguu yangu."

Nikarudia.

"Na panapofuata."

Nikasoma mpaka kwenye bei.

"Si uongo," akasema. "Nilikuja hivyo." Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia, "Na ile yangu, ile ya ng'ombe, uliiandika hivi hivi?"

Nikaikunja barua.

"Hivi hivi, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akaendelea na mlenda wake. Ulipoiva akanipakulia, nikala huku nimeinama.

Mvua ilirudi mwaka uliofuata. Hakuondoka, maana hakuwa na pa kwenda, nami sikutaka aondoke. Tulikaa pamoja mpaka nilipomzika. Siku zote hizo alifagia, alipika, aliniwekea chakula changu hata nilipochelewa. Ila tangu kesho yake ya ile jioni niliyomsomea barua, hakuniita tena mwanangu. "Mbukwa, karani," alikuwa akinisalimu kwa adabu zake zote, nami nikaitika, "Mbukwa, shangazi."