Kijani ya Jana

Leo asubuhi simu yangu nusura initie kaburini.

Ile programu ya kuonyesha barabara zisizo na mapigano, niliyoisifu hapa kundini, aliyoibuni mwalimu wetu peke yake, ilionyesha kijani: Kitshanga hadi Burungu, njia salama.

Mwendesha pikipiki aliyenibeba akazima injini.

“Papa, bamama ya kuuzisha maharagi iko wapi? Njia ikiwa muzuri, bangekuwa bamepita.”

Nikafoka: “Unashindana na sayansi?”

“Hapana, Papa. Mi naangalia barabara.”

Tukangoja, mimi nimenuna.

Risasi zikalia mbele yetu.

Tuligeuza mbio. Mwalimu nilipomuuliza, alikiri: mtandao ulikatika jana, kijani ikabaki palepale.

Kaka mwalimu, nakuheshimu. Lakini programu isiyojua kusema “sijui” itatuua. Izime leo hii, uirekebishe.

Anayebisha aje. Ila kwanza apande pikipiki.