Mama Saidi Alivyoninyoosha Vidole

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo hamjambo. Sista wa wodi hii ameniomba nije kuwapa moyo. Moyo wa kugawa sina, nina mkono. Huu hapa, utazameni vizuri, msijifanye mnaangalia dirishani. Kovu limeanzia kwenye kiwiko likaishia kwenye kiganja. Mkono huu ndio uliokuwa kazi yangu.

Naitwa Somoe, mzaliwa wa hapa hapa Newala. Baba yangu alikuwa mtunza kiwanja cha tenisi cha wakubwa fulani kule Masasi. Niliwaokotea mipira mpaka siku moja wakanipa raketi. Nilikuwa na mkono mzito na hasira za karibu, na mchezo ule unapenda vyote viwili. Biashara zilipofunguliwa, makampuni ya soda yakaanza kudhamini mashindano, nami nikawa mchezaji wa kulipwa. Nilicheza Dar, Nairobi, Lusaka, Harare. Nyumbani walidhani nawadanganya, mtu mzima alipwe kwa kupiga mpira!

Mwaka mmoja nilikuja kumwona mama, na mbele yangu kulikuwa na mashindano makubwa kuliko yote niliyowahi kuitwa. Nikatafuta ukuta wa kufanyia mazoezi. Mji mzima niliona ukuta mmoja tu ulio laini, wa tangi la maji. Chini yake kulikuwa na mawe na makopo kwenye mstari mrefu, mpira ukiyagusa unaruka hovyo. Nikayapiga teke yote pembeni. Nilikuwa nimeishi mbali na nyumbani muda mrefu mno, nikasahau kwamba kila jiwe pale ni mtu. Mwanamke anaweka jiwe lake kwenye foleni alfajiri, anakwenda zake kutwanga, maji yakitoka anarudi kusimama penye jiwe lake.

Maji yakatoka. Wanawake wakaja mbio na ndoo zao, mawe hayapo, kila mmoja anasema yeye ndiye wa kwanza. Wakaanza kupigana wao kwa wao, ndoo zinapaa, kanga zinachanika. Halafu mmoja akaniona na raketi yangu. Alikuwa jirani yetu, Mama Saidi, ametoka kutwanga makopa ya muhogo na mchi bado anao mkononi.

"Nani kakutuma uvuruge foleni?"

"Si mawe tu hayo, mama?"

"Mawe tu?"

Akaushusha mchi. Nilikinga kichwa kwa mkono wa kulia, nikasikia mfupa ukisema kah! Sikulia. Nilimrukia nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu, tukaviringishana kwenye tope. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyetutenganisha, na hukumu akaitoa pale pale: Mama Saidi atachota maji ya nyumba yetu, akianza na yake kisha ya kwetu, mpaka siku nitakayoweza kubeba ndoo mwenyewe.

Mama akanipeleka kwa fundi wa kuunga mifupa. Akaninyoosha, akanifunga vijiti vya mianzi kwa kamba za magome, akakaza kwa goti. "Usilegeze hata akilia," alimwambia mama. "Ukilegeza, mfupa unapinda." Mama akashika neno hilo. Vidole vikavimba, vikang'aa, vikawa vyeusi. Niligongesha kichwa ukutani kwa maumivu. Nilimtukana mama yangu mzazi. Kisha maumivu yakaisha ghafla, mama akamshukuru Mungu, kumbe mkono unakufa.

Ni baba aliyeugusa akaukuta wa baridi. Akasimamisha lori la korosho, akatupandisha juu ya magunia mpaka hospitali. Daktari alikata zile kamba bila hata kunisalimia.

"Binti, nauchana sasa hivi. Nikingoja, kesho naukata."

Ganzi haikutosha. Walinishika watu wanne. Kisu kilipopita, nyama ilifutuka nje kama unga wa maandazi ulioumuka. Nilimpiga muuguzi teke la tumbo, nikajikojolea, nikamwomba daktari aniue. Baadaye wakanichuna ngozi ya paja kuziba kidonda. Mkono ukapona, lakini vidole vikabaki vimejikunja kama mguu wa kuku aliyechinjwa, havifunguki, havifumbi, havishiki kitu. Mashindano yakafanyika bila mimi.

Daktari alimwambia mama anyooshe vile vidole kila siku. Mama hakuwa na roho hiyo, nikipiga kelele naye analia. Mama Saidi akawa anakuja na ndoo, anatukuta tunalia wawili. Siku moja akaitua, akanikalia mapajani, akakamata vidole vyangu.

"Mimi sizeeki nakubebea wewe maji."

Akavuta. Kovu likapasuka. Mama akapiga yowe, "Mwache mwanangu, Mama Saidi!"

"Mama Somoe, ukimhurumia ndiyo basi tena."

Tangu hapo kila asubuhi ni vita. Anamwaga maji mtungini, ananikalia, anavuta, mimi namtemea mate. Mikorosho ikatoa maua, ikazaa, watu wakaokota, sisi bado tunavutana. Nilimchukia kuliko mtu yeyote duniani. Kisha asubuhi moja, huku anakivuta kidole gumba, akacheka: "Ndio mkono uliokuwa ukilipwa huu? Basi walikuwa wanakuonea huruma."

Nikampiga ngumi ya pua. Damu ikamtoka mpaka kidevuni. Nikangoja anirudishie, lakini yeye aliukamata mkono wangu na kuukodolea macho. Vidole vyote vilikuwa vimefumba kwenye kiganja.

"Umekunja! Mama Somoe, njoo uone, amekunja ngumi!" Alikuwa anaruka na damu yake. Nami nikalia, si kwa maumivu.

Nilirudi uwanjani. Sikuwa tena yule wa zamani, lakini nilicheza, nikashinda, nikastaafu kwa kupenda mwenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule mwenye kisu, namshukuru mama hata kwa machozi yake. Mama Saidi namshukuru kuliko wote, na yeye anajua.

Mliofungwa hogo, hiyo plasta ngumu, nisikilizeni. Vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, pigeni kelele mpaka mtu aje afungue, na msikubali kuambiwa mvumilie. Mkishapona, mtafuteni asiyewaonea huruma.

Haya, wewe wa kitanda cha mlangoni uliyekwisha kufunguliwa hogo, lete huo mkono tunyooshe vidole. Lia tu, mimi siachi.