Gunia la Wifi

Kazini walimwita Chafya, maana vumbi la makaratasi lilimpigisha chafya kutwa nzima, na jina akalizoea. Kazi yake ilikuwa kuchambua taka bandani: karatasi huku, plastiki kule, chupa pipani. Na usidhani watu wanajua kutenganisha! Mtu anatia nepi ya mtoto kwenye gunia la karatasi, au boksi linalochuruzika mchuzi, halafu anatembea kifua mbele eti anatunza mazingira. Karatasi zikishalowa mafuta, mnunuzi hazitaki tena.

Ndiyo maana pale bandani kila gunia humwagwa kwanza sakafuni na kuchokorwa kwa fimbo. Mkono hauingii kwenye gunia la mtu usiyemjua.

Lakini siku moja gunia lilikuwa lile alilozoea kulichukua mwenyewe kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyefundishwa na Chafya mwenyewe: suuza, kausha, tenganisha. La nyumbani utalichokoraje kwa fimbo kama la mtu baki? Akatia mkono. Kipande cha chupa kikamchana kiganja mpaka kwenye mshipa.

Daktari alishona, jeraha likafunga, ila vidole viwili vikagoma katakata kukunjika. Msimamizi alisubiri wee, mwisho nafasi yake akampa mwingine. "Pole, mama. Kazi hii ni mikono." Jamani, hilo lilimuuma kuliko sindano zote.

Wifi akaja kumjulia hali, na machungwa kikapuni. "Pole, wifi yangu. Watu hawana utu! Nani huyo anatupa chupa kwenye karatasi?"

"Ilitoka kwenye gunia lako."

Wifi akashika mdomo. "Ile iliyovunjika jikoni? Mbona niliifunga kwenye gazeti, tena mara mbili, isije ikamkata mtu! Na gazeti si karatasi?"

Chafya alikuwa amemwekea aliyeitia chupa hiyo guniani matusi mazito, ya kutosha mtaa mzima. Sasa ayapeleke wapi? Huyu ndiye aliyemlelea wanawe alipolazwa. "Hukujua," alisema, na moyoni hakumsamehe hata chembe.

Wifi akashusha pumzi, akamenya chungwa, akala. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa gunia letu atakuwa analichukua nani, wifi? Maana limeshajaa tena."