Nani Alisikia

Kila nikinusa pombe ya ndizi inayochacha, usiku huo silali.

Papa wangu alikuwa mpishi kwa Wazungu wa mtaa wa Nguba, na sisi tulikaa juu mlimani, ambako babu alizikwa ndani ya shamba la migomba. Pombe ilipoiva, tantine, dada ya papa, alimwaga kikombe cha kwanza pale kaburini. Mimi, mutoto wa katekisimu, nilimuuliza tantine, babu atajuaje kwamba ni yake.

"Ukilala nikikuita, unaamuka?"

"Ndiyo, tantine."

"Basi nani alisikia, na wewe ulikuwa umelala?"

Akarudi nyumbani na kikombe chake kitupu. Mimi nilibaki nikimwita babu kwa jina lake, polepole, kisha kwa nguvu. Majani ya migomba yaligongana tu. Nikalala chali kando ya kaburi, juu ya udongo uliolowa pombe, nyuki wakinizunguka, nikafumba macho ili nijue yeye anasikiaje.

Ndipo maman akaniita kutoka jikoni. Nilimsikia vizuri, hata kifuniko cha sufuria nilikisikia. Sikujibu. Akaita tena, na tena, akikaribia, mpaka miguu yake ikasimama karibu na kichwa changu. Akanitikisa bega. Sasa nilitaka kuitika, lakini mdomo haukufunguka.

"Kuya haraka," maman alimwita tantine, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mutoto hasikie tena."

Nilikuwa ninasikia kila neno.