Kibakuli cha Watu wa Chini

Nilipokuwa mtoto, sakafu ya nyumba yetu pale Munje ilikuwa paa la nyumba ya watu wengine. Sikuambiwa hivyo kama hadithi ya kunilaza. Niliambiwa kama watoto wengine wanavyoambiwa wasicheze barabarani. Kabla ya kumwaga maji ya moto uani tulisema kwanza, "Tupisheni, jamani," tukangoja kidogo wapate kusogea. Adhuhuri hatukutwanga, maana mchana wetu ndio usiku wao, na palikuwa na mahali nyuma ya jiko ambapo ukitwanga ardhi ilijibu kwa sauti ya kitu kilicho tupu ndani. Nyanya, mama yake baba, alikihamisha kinu kwa mikono yake mwenyewe. "Watu wamelala," alisema, na kwake hayo yalitosha.

Nchi ile ni ya mawe ya matumbawe, imejaa mapango na mashimo, na maji ya kisima chetu yalipanda na kushuka pamoja na bahari. Nyanya alikuwa na maelezo ya kila kitu. Maji yakishuka, wa chini wanateka. Popo ndio ndege wao. Kila kisima ni dirisha lao, ndiyo maana haifai kuinama ukachungulia muda mrefu, kwani wewe utapenda mtu akuchungulie chumbani? Nilikuwa mtoto mwoga tangu kuzaliwa, na maelezo hayo yalinifanya mwoga mwenye ratiba. Nilijua hasa ni kipi cha kuogopa, na saa ngapi.

Mwanangu mkubwa, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, anapenda vitabu vya sayari zilizo tupu ndani. Juzi, hapa nyumbani kwangu Ukunda, alinieleza kimoja mwanzo hadi mwisho: jua dogo limesimama katikati, bahari na misitu vimepinda hadi juu vikawa dari, na wasafiri wanashuka kwa kamba, taa na silaha. Akanieleza pia kwamba jambo hilo haliwezekani, ila ni tamu kulisoma. Mimi ni mwalimu, nina cheti changu kabatini, na bado nilisikia moyo unanienda mbio. Nikamwuliza kama kuna hata mmoja kati ya wasafiri wale aliyeshuka na sahani ya chakula. Akafikiri, akasema hakuna. Nyanya angewaona watu wasio na adabu kabisa.

"Mimi niliwahi kuwa jirani wa watu wa namna hiyo," nilimwambia. Alicheka sana, nami nikaondoka kwenda kuangalia chungu jikoni, kwa sababu sikuweza kucheka naye.

Hatua chache nyuma ya shamba letu palikuwa na pango. Watu wenye shida kubwa walikwenda pale kuacha uji, ubani, marashi na vipande vya kitambaa, na wengine walitoka mbali. Sheria ilikuwa moja, na kila mtoto wa Munje aliijua kabla hajajua kuhesabu: kinachowekwa pale hakiguswi. Aliyekula kwao amekuwa wa kwao, nao watamfuata jioni, wakiamka.

Siku moja ya likizo nilikwenda kuokota kuni na mdogo wangu Mwanatumu, ambaye wakati ule hata meno ya mbele hakuwa nayo. Niliinama kufunga mzigo, nilipoinuka hayupo. Nilimwita. Nikamwita tena, na sauti yangu ikanitisha mwenyewe. Akatokea upande wa pangoni, ameshika kibakuli cha bati chenye maua mekundu, midomo myeupe kwa uji.

"Nilikuwa na njaa," alisema.

Sikumpiga wala sikumgombeza. Nilimshika mkono nikamburuta hadi nyumbani, kuni nikaziacha. Kibakuli nilikibeba mimi, maana niliogopa kukirudisha na niliogopa kukitupa.

Nyanya alikuwa uani anachambua mchicha. Alikitazama kibakuli kwanza, kisha midomo ya Mwanatumu, wala hakuuliza kimetoka wapi.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Wote?"

"Nimekiramba na kidole," alisema Mwanatumu, akidhani anasifiwa.

Nyanya alikaa chini pale pale penye mchanga. Alikuwa mtu wa kutafuta mkeka kabla ya kuketi, na kumwona ameketi vile kulinitia hofu kuliko maneno yoyote ambayo angeyasema.

Kabla ya alasiri mwili wa Mwanatumu ulikuwa wa moto. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na siku ile ilikuwa ya mapumziko yake. Alimgusa mtoto shingoni, akamwambia mama atafute leso ya kumfunika.

"Ni malaria hii, mama," alimwambia nyanya. "Ndivyo inavyoanza."

"Mpeleke hospitali, Bakari. Nimekukataza? Miye nitarudisha chombo."

"Hiyo ni shirki."

"Chombo cha watu kimo ndani mwangu, nisikirudishe? Hiyo itakuwa dini gani?"

Baba alikwenda kumwomba jirani pikapu yake, na baada ya muda mfupi wakaondoka kwenda Msambweni, mama amempakata Mwanatumu, kichwa cha mtoto kimelala upande. Nilisimama barabarani hadi vumbi lilipotulia. Nilikuwa na hakika kwamba sitamwona tena.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea mchuzi, utamrudishia bakuli na ndizi mbili au kipande cha muhogo, hata kama ndicho cha mwisho. Nyanya aliwahesabu wa chini kuwa majirani, kwa hiyo dawa yake ilikuwa hiyo hiyo: tukijaze kibakuli chakula kizuri kuliko kile kilicholiwa, tukiweke mahali pake kabla ya magharibi. Wakiamka wakute chao. Wasipokikuta, wataanza kuuliza ni nani amekula.

Mchele uliokuwamo ndani ni ule aliokuwa ameuweka kwa ajili ya Ijumaa. Aliutoa wote. Mimi niliketi juu ya mbuzi nikakuna nazi, na kwa haraka yangu nikajikata kidole. Nyanya akakifunga kwa kitambaa akaniambia niendelee. Kila mara alitoka mlangoni kutazama kivuli cha ukuta kimefika wapi. Nilimsihi apike uji tu, uive upesi.

"Uji ule ulikuwa wa mtu mwenye haja," alisema. "Hatuwezi kulipa kwa kitu chepesi. Koka moto."

Wali ulipoiva aliupakua, akakifunika kibakuli kwa kawa, akakibeba chini ya leso yake. Jua lilikuwa limeshainama sana. Tulitembea bila kusema, mimi nikikanyaga taratibu ili wasinisikie, kana kwamba kuna mtu anayeweza kutembea bila kulikanyaga paa lao.

Mdomoni mwa pango tulimkuta mwanamke.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu imejaa vumbi jekundu, na mara alipotuamkia nikajua kwa matamshi yake kwamba ametoka bara, upande wa Kinango. "Shikamoo, mama," alimwambia nyanya, akasimama kwa taabu. Hapo ndipo nilipoona ana mimba.

"Marahaba, mwanangu. Mbona peke yako, na jua linatua?"

"Nyinyi ni wenyeji wa hapa?"

"Ni wenyeji."

"Basi niambieni, mama, maana nimechanganyikiwa. Nimezika wawili, na huyu wa tatu yumo." Aliweka kiganja tumboni. "Niliambiwa niache uji hapa asubuhi, nifunge, nirudi kabla ya magharibi. Nikikuta umenywewa, nimesikilizwa. Nikikuta haukuguswa, nirudi kwetu nikangoje mabaya. Sasa chombo chenyewe hakipo. Hakuna aliyeniambia chombo kikikosekana maana yake nini."

Alikuwa akitetemeka. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa kufunga, na macho yake hayakutoka usoni mwa nyanya, kama mgonjwa anayemsubiri daktari aseme.

Nilimtazama nyanya na mimi. Chini ya leso yake mvuke wa wali ulikuwa bado unatoka; harufu ya nazi niliisikia mimi, na bila shaka yule mama pia aliisikia. Niliuona mtego wote kwa akili yangu ya kitoto. Tukikiweka kibakuli ndani mbele yake, atakitambua, na itabidi tumwambie kwamba uji wake umenywewa na mtoto mwenye njaa. Tukingoja aondoke, jua halitangoja. Nilimvuta nyanya leso kumkumbusha kwamba Mwanatumu yuko Msambweni na mwili wa moto. Aliushika mkono wangu, akaubana hadi kidole kilichokatwa kikauma.

Kisha akafunua kawa.

"Chombo chako hiki hapa," alisema. "Uji umenywewa wote. Kimerudi na chakula."

Yule mama alikipokea kwa mikono miwili. "Nani amekijaza?"

"Kula, mwanangu. Mwenye mimba hafungi hadi usiku."

Akala. Alikula akiwa amesimama, huku machozi yanamshuka bila sauti. Nilitazama kila tonge likienda. Nilitaka kusema, huo ni wali wa Mwanatumu, na niliona nyanya naye akifungua mdomo mara moja, nadhani ili amwombe abakize kidogo, halafu akaufunga. Mama yule alikula hadi ukoko. Alikifuta kibakuli kwa upindo wa leso yake, akamshika nyanya mikono akaibusu, akaenda zake kwa njia ya barabarani akiwa na kibakuli chake kifuani.

Tukabaki mikono mitupu. Popo wakaanza kutoka.

Nyanya alisogea hadi kwenye mdomo wa pango, karibu kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akisogea, akainama.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Kama kuna deni ni langu, si la mtoto."

Njiani aliniambia neno moja tu, kwamba nisimwambie baba. Usiku ule hakulala. Nilijua kwa sababu na mimi sikulala, na kila nilipogeuka nilisikia tasbihi yake.

Mwanatumu alirudishwa baada ya siku mbili, amekonda, anadai soda. Ilikuwa malaria kweli. "Dawa ndiyo iliyomponya," alisema baba, kwa upole, maana hakuwa mtu wa kumcheka mama yake. "Mwenyezi Mungu ndiye aliyemponya," alijibu nyanya, naye baba ikambidi akubali. Nyanya alikuwa ameketi kitandani, ameishika miguu yote miwili ya mtoto ndani ya viganja vyake, wala hakuiachia hadi mama alipoleta supu.

Lakini hakupumzika. Kwa miaka mingi baadaye hakuweza kuvumilia kumwona Mwanatumu amelala mchana. Alikuwa na sababu yake: wanaolala mchana ni wa chini. Angemwamsha kwa kumpa ufagio, ndoo, au kwa kumwuliza jambo lisilo na maana. Mwanatumu alimlaumu kwamba anamchukia. Mimi nilijua, na nilinyamaza kama nilivyoagizwa.

Nyanya amefariki zamani sasa. Mwanatumu anauza leso sokoni hapa Ukunda, ana watoto watatu, na ana sauti inayosikika hadi kituo cha petroli. Idi iliyopita, baada ya wageni kuondoka, nilimweleza yote. Nilitazamia acheke, au anikasirikie kwa kuficha muda mrefu. Alianza kukunja kitambaa cha meza.

"Yule mama alimaliza?" aliuliza mwishowe.

"Alimaliza, mpaka ukoko."

"Uji wake naukumbuka. Ulikuwa na sukari nyingi mno, mpaka koo linawasha. Nafikiri alitia yote aliyokuwa nayo." Akaweka kitambaa chini. "Mtoto wake aliishi?"

Nilimwambia sijui. Hatukumwona tena, wala jina lake hatukuuliza.

Kwa muda mrefu nilikichukulia kisa hiki kuwa cha kuamua nani alikuwa na haki, nyanya au baba, na kila mwaka nilimpa ushindi mtu tofauti. Siku hizi hilo halinisumbui. Baba hakuamini, na lau angekuwa yeye pale pangoni angempa yule mama wali bila kusita, kwa sababu kwake ungekuwa wali tu. Nyanya aliamini. Kwa imani yake alikuwa ameshika mkononi uhai wa mjukuu wake, na jua linazama, akampa mtu asiyemjua kwa kuwa alikuwa anatetemeka. Mimi nina watoto wawili. Mmoja akipata homa, nikiwa nimekaa kitandani kwake nangoja dawa ifanye kazi, hujiuliza kama ningeifunua ile kawa. Najua ningefanya nini. Ningekibana kile kibakuli chini ya leso, nikamwambia yule mama kwamba sijui lolote, nikangoja aondoke.